Tunafinyanga Phlegethontia, usimwite nyoka

Haya wadau karibuni tena, leo tunafinyanga mnyama anaitwa Phlegethontia, ukimwona tu utasema nyoka halafu utakuwa umekosea, huyu ni amfibia, ukoo wa vyura huko mbali, aliishi miaka kama milioni 300 iliyopita, dinosau bado kabisa hawajatokea. Visukuku vyake vimetoka kwenye makaa ya mawe ya Linton kule Ohio, Marekani, na Cope, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, ndo alimpa hilo jina mwaka 1871.

Anza na waya, ule wa mafundi wa kufungia nondo, kata sentimita 60. Mwenyewe alifika kama mita moja, sisi tunafanya nusu, hizo kumi za ziada unakunja ncha zisikuchome.

Zungushia foili ya jikoni, ibane kwa vidole mpaka iwe nene kama kalamu, huku mkiani ikonde taratibu. Usiache donge katikati, ataonekana kameza panya.

Sasa mkunje KABLA ya udongo. Mimi wa kwanza nilimkunja baadaye, udongo ukapasuka kote nikaanza upya. Mikunjo iwe mingi, midogo midogo, maana uti wake wa mgongo ulikuwa na pingili zaidi ya 200, sisi watu hata 40 hatufiki.

Paka udongo mwembamba, lainisha kwa kidole chenye maji. Miguu hakuna, na hata kijinundu cha bega au nyonga usiweke. Na nyie wa Taita mnaomjua yule amfibia wenu wa ardhini asiye na miguu, mwenye pete pete kama mnyoo, msinichoree hizo pete hapa, ni umbo tu limefanana.

Kichwa ndo wengi wanaharibu. Kiwe kidogo, chembamba, kimechongoka mbele, fuvu lake lilikuwa jepesi lina matundu makubwa. Macho makubwa, bandika shanga mbili nyeusi karibu na pua kuliko kisogo. Ulimi wa panda mwachie nyoka.

Rangi chagua mwenyewe, mimi napaka kahawia ya majani yaliyooza, si aliishi kwenye vinamasi.

Anika kivulini siku mbili tatu, juani atapasuka, na ukimgeuza tumia mikono yote miwili maana shingo ndo hukatika kwanza.