Saa tisa ipi? Maongezi yangu na makatibu wapya wa jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo! ... Aa hapana, hiyo imetoka kama ya watu wa Misa ya kwanza, nusu bado wamelala. Tena. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, hapo sawa.

Wale wa nyuma sogeeni jamani, maiki hii inakatakata na mi sauti ya ualimu niliiacha shuleni siku niliyostaafu. Baba paroko kaniambia nina saa moja niongee na nyie makatibu wapya kuhusu matangazo, nikamwambia baba, saa nzima ya matangazo watu watatoroka, Jumapili yenyewe yakizidi dakika kumi watu washaanza kubeba watoto wanatoka nje kusubiri mnada. Akasema we nenda tu. Basi nipo.

Nianze na kuku.

Miaka kadhaa nyuma bwana mifugo alinitumia meseji kwamba atakuja kuchanja kuku, chanjo ya mdondo, wengine mnaita kideri, ni Jumamosi 9:00 pale uwanja wa kigango. Mi nikachukua karatasi nikaandika vizuri kabisa na mwandiko wangu wa ubaoni, "Jumamosi saa 9, chanjo ya kuku, wote mnakaribishwa." Nikampa msomaji, akasoma, watu wakasikia, wakaenda nyumbani. Naona wengine mshaanza kucheka, mmeshajua. Yule baba kafika saa tatu asubuhi na pikipiki yake na kile kiboksi cha barafu, hamna mtu. Kakaa chini ya ule mringaringa mpaka saa tano, kapiga simu yangu, mi simu nimeacha nyumbani nipo shambani nachuma kahawa. Akaondoka. Saa tisa alasiri ndo watu wanashuka sasa, mama na tenga kichwani, watoto wameshika kuku miguu kichwa chini, wazee na jogoo kwapani, uwanja mzima kelele za kuku na hakuna wa kuwachanja.

Chanjo ile ni tone moja tu jichoni, haiumi, bei yake ndogo. Ila chupa moja ina dozi nyingi, ukishaifungua hairudi kwenye friji kusubiri wiki ijayo, ndo maana lazima watu waje pamoja, hawezi kumfungulia mtu mmoja mwenye kuku watatu. Kwa hiyo mpaka apange tena safari, mdondo ukapita. Jirani yangu alikuwa na kuku kumi na nne, akabaki na jogoo mmoja na yule jogoo shingo imepinda anatazama juu muda wote kama anasali. Hakunisema hata neno. Alikuja nae tu mpaka mlangoni kwangu, akamweka chini nimwone, akamchukua akaondoka nae.

Kosa lilikuwa langu, si la bwana mifugo, si la msomaji. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua lichomoze, na anayetakiwa kugeuza ni katibu. Toka siku ile sijawahi kuandika saa bila kuandika asubuhi au alasiri au usiku, na nyie msije mkaandika. Hilo ndo la kwanza na hata mkisahau mengine yote hilo mlibebe.

Sasa mtaniuliza, mama, matangazo si matangazo tu, kuna nini cha kusomea semina? Ngoja niwaambie kitu. Haya magazeti ya Kiswahili mnayoyaona yameanzia humu humu kwenye matangazo ya kanisa. Mwaka 1888 kule Kiungani, Unguja, shule ya misheni ya Waanglikana, walitoa gazeti linaitwa Msimulizi. Ndani yake habari za vituo vya misheni, huku wamefanya hivi, kule wamefanya vile. Baadae miaka ya 1890 kule Magila, Muheza hiyo ya sasa, kukawa na Habari za Mwezi, jina lenyewe linajieleza. Mwaka 1910 Wakatoliki wakawa na Rafiki Yangu na Walutheri wakawa na Pwani na Bara, mpaka vita vya kwanza vikaja kuyafunga. Leo maprofesa wanasafiri na ndege kuja kusoma vile vikaratasi. Aliyeandika habari ya kituo chake alidhani anaandika tangazo tu la kupita.

Sisi huku mlimani Kilimanjaro tunajivunia kwamba tuna historia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walishuka Bagamoyo mwaka 1868, mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakapanda mpaka Kilema, na kahawa ya kwanza kwanza huku Uchagani ni wao walioiotesha pale misheni. Sawa. Na vitabu wametunza, ukienda ofisi ya parokia yoyote ya zamani unakuta kitabu cha ubatizo, cha ndoa, mwandiko wa wino umetulia, kila mtu na namba yake ya LB, yani namba yake kwenye kitabu cha ubatizo. Wangapi hapa cheti cha kuzaliwa mlikipata kwa kuanzia na kadi ya ubatizo? Nyoosheni. Unaona, karibu ukumbi mzima. Yani serikali yenyewe ikitaka kujua umezaliwa lini inakuja kuuliza kile kitabu.

Lakini kitabu kile kinajua umebatizwa, umepata kipaimara, umeoa, umekufa. Hakijui daraja la mtoni lilichukuliwa na maji wiki gani. Hakijui mwaka gani tulianza kujenga hii kumbi na nani alitoa mawe. Hayo yalisomwa pale mbele baada ya Komunyo, watu wakasikia, katibu akakunja karatasi akaweka mfukoni mwa koti, koti likafuliwa. Historia yetu nyingi mi nawaambia imefuliwa na sabuni ya kipande.

Ndo nachotaka nyie mtoke nacho hapa. Tangazo mnaliandikia watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyekaa benchi la nyuma na mtoto analia, anataka kujua siku, saa, wapi, aje na nini. Wa pili hayupo. Yuko Dar, au hajazaliwa. Na yeye anataka kujua kilichotokea.

Tuchukue misiba, maana ndo tangazo linaloumiza likikosewa. Huku majina yetu ya ubatizo ni yaleyale, na koo zetu ndo hizihizi. Kwenye kigango chetu kuna wazee wawili jina la kwanza moja, ukoo mmoja, umri unafanana fanana. Mmoja alifariki Ijumaa usiku. Jumapili tangazo likasomwa jina na ukoo basi, na yule mwingine yupo benchi la tatu kavaa kofia kaweka magotini. Kanisa zima likageuka. Yeye akasimama akasema "mimi nipo," watu wakacheka, padre akacheka, ila mkewe alikuwa amebaki nyumbani na tangazo lilishafika huko kabla yake maana kuna kijana alishatuma wasap, yule mama alikutwa amekaa chini jikoni watu wanamshika. Hiyo sio ya kucheka tena. Kwa hiyo andika marehemu ni baba wa nani, kihamba chake, yani lile shamba la nyumbani, kiko upande gani, juu ya mfereji au chini ya mfereji, jumuiya gani, amefia wapi, anazikwa siku gani tarehe ngapi. Usiandike "Jumanne ijayo." Jumanne ijayo ukisoma Jumapili ni kesho kutwa kwa huyu, kwa yule ni wiki ya mbele.

Na mwaka! Andikeni mwaka jamani. Kuna tangazo la msiba limezunguka kwenye magrupu zaidi ya mara moja, kila likifowadiwa watu wanaanza upya kutoa pole, kuna watu walituma mpaka rambirambi, na marehemu alishawekewa msalaba wa saruji zamani. Limeandikwa Jumatano saa 8 mchana. Jumatano ya mwaka gani? Haikuandikwa.

Hapo kwenye wasap nisimame kidogo. Sio kwamba mi ni bibi napinga simu, simu janja ninayo, mjukuu wangu kaniwekea na hiyo maandishi makubwa. Ndugu zetu waliotoka, wa Dar, wa Mwanza, wa Marekani, Desemba ndo wanapanda kuja kuhesabiwa kama wenyewe wanavyotania, ila miezi kumi na moja wanaishi na kijiji kwenye lile grupu. Wanataka kujua mambo madogo tu, nani mgonjwa, barabara ya juu inapitika, mama kaonekana kanisani. Wapeni. Lakini nusu ya wazee wetu wana viswaswadu vya tochi, wengine hawana kabisa, ukituma voisi ukasema nimeshatangaza umewatangazia watoto wao walioko mbali na wao wenyewe walioko mita mia mbili hawajui. Karatasi ya mlangoni ibaki. Kusoma baada ya Komunyo kubaki. Na voisi za dakika nne za upepo na kuku wanawika mi sisikilizi, andika.

Hili la michango najua litaleta maneno ila nitasema. Kusoma sadaka ya Jumapili iliyopita Misa kwa Misa, kusoma mnada umeleta shilingi ngapi, hiyo ni haki na isiachwe hata siku moja, hela ya watu lazima isomwe. Mi nimeona mkungu mmoja wa ndizi ukanunuliwa mara nne siku moja, mtu ananunua anarudisha, anayefuata ananunua anarudisha, mwishoni unaenda kwa bibi mmoja asiye na mtu, na Jumapili inayofuata ikisomwa ile jumla watu wanakaa wima. Ila kusimama pale mbele na kusoma nani hajamaliza zaka, jina kwa jina, mi sikuwahi kukubali. Kuna mama alisomwa hivyo katika kanisa moja, tusitaje, na mumewe alikuwa hospitali wiki ya tatu. Hakurudi jumuiya karibu mwaka. Deni la mtu mfuate nyumbani kwake, jioni, ukae kwenye kigoda, uulize kwanza habari za wagonjwa.

Halafu kuna wenzetu kwenye halmashauri ya walei walishawahi kuniambia katibu, mambo ya msaragambo, yani kazi za pamoja za kijiji, na mfereji sio ya kanisa, peleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mi nikawauliza, mahindi unayoleta kwenye mavuno yanamwagiliwa na nini? Mfereji ukiziba juu kule kwenye banio, chini kihamba chako kinakauka, uwe Mkatoliki uwe Mlutheri wa KKKT uwe Mwislamu. Zamani wazee walipuliza pembe, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, hakuna aliyeuliza pembe ni ya dhehebu gani. Mi kwa miaka yote nilikuwa naandika nakala mbili, moja ya kwetu, moja nampa katibu wa usharika wa jirani wa Walutheri Jumamosi jioni tukikutana sokoni, nae ananipa ya kwao. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu wa kusomewa mapato na matumizi, ulikuwa unajaa. Watu walikuwa wanajua. Siku hizi mnalalamika mkutano haujai akidi, nani kaandika tangazo? Linabandikwa pale ofisi ya kijiji ndani, mlango umefungwa.

Sasa nionyeshe hili. Hili daftari, kaunta buku, kona zimeliwa na mende, mnisamehe. Nilianza kuandika kila tangazo humu, na chini yake naandika kilichotokea kweli. Nawasomea ukurasa wa Desemba 1997, zile mvua za El Nino. "Jumapili. Misa ya pili watu ishirini na moja. Njia ya chini haipitiki. Mazishi yaliyotangazwa Jumatatu yamesogezwa Alhamisi, kaburi limejaa maji mara mbili. Vijana wa VIWAWA na vijana wa usharika wamechimba jipya upande wa juu penye mgomba wa mchare." Basi, imeishia hapo. VIWAWA ndo hao vijana wetu Wakatoliki.

Mwaka jana akaja dada mmoja kutoka Dar. Marehemu alikuwa mama yake, yeye wakati ule alikuwa mtoto wa miaka mitano. Msalaba ulikuwa wa mti, ulishaoza, mgomba ulishakatwa, na kaka zake wanabishana kaburi liko wapi, huyu anasema chini huyu anasema juu, na pale chini ndo wanataka kujenga nyumba. Nikafungua huu ukurasa. Tukaenda wote na jembe, upande wa juu, kisiki cha mgomba unajua huwa hakifi, kinatoa watoto, tukakuta mchare mitatu imesimama imeshikana. Kuanzia pale mawe ya kaburi hayakuwa mbali. Yule dada alinisomesha ile mistari mara tatu. Akaishia pale kwenye "vijana," akauliza ni kina nani. Sikuwa nimeandika majina. Hilo linanikera mpaka leo.

Haya, nimepitiliza, baba paroko anaangalia saa. Toeni kalamu na karatasi. Bwana mifugo kanipigia jana, chanjo ya mdondo inarudi, kasema Jumamosi hii, 8:30, uwanja wa kigango, kila mtu afungie kuku wake toka usiku wasitoke asubuhi. Niandikieni tangazo lake, mistari minne isizidi, la kusoma na la kubandika. Dakika kumi. Chai iko tayari na kiburu kipo, harufu hiyo mnaisikia, ila hamna anayepita ule mlango kabla sijaona kwenye karatasi yake ameandika saa ngapi.