Jumba la Jiji Limempa Nani Uso?

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi wengine mliopita tu mkaona viti vi wazi mkaingia: hamjambo. Karibuni mbele, huku nyuma kutakuwa na kelele za barabarani.

Nimeombwa nizungumzie majumba ya jiji ya Marekani. Nayo ni yale majengo yenye ofisi ya meya na ukumbi wa madiwani, ambamo mwananchi huenda kulipa kodi ya nyumba, kufuatilia kibali cha ujenzi au kuandikisha ndoa. Sitawapitisha kwenye orodha ya mitindo, huu wa Kigiriki, ule wa Kifaransa. Hayo mtayakuta vitabuni, na mtihani wenu utayauliza. Mimi kila nikilitazama jengo la namna hii huuliza jambo moja tu: limempa nani uso, na limempa nani kisogo?

Basi tuanze na kisogo chenyewe. Jumba la Jiji la New York lilianza kujengwa mwaka 1803 na likafunguliwa 1812. Wasanifu walikuwa wawili, Joseph-François Mangin, Mfaransa, na John McComb, mwenyeji wa hapo hapo. Ni jengo dogo, zuri, lina ngazi ya ndani inayopanda kwa kuzunguka chini ya kuba. Lakini madiwani walipoona makadirio ya gharama, wakashtuka. Wakaanza kukata huku na kule, kama ambavyo kila mmoja wenu atakuja kukatiwa na mteja wake. Suluhisho likawa hili: mbele na ubavuni marumaru, nyuma, upande wa kaskazini, jiwe la mchanga la rangi ya kahawia, la bei nafuu. Hoja yao ilikuwa kwamba jiji lote liko kusini, na huko kaskazini nani atakuja kuona?

Mnalijua jiji la New York lilikoelekea. Lilipanda kaskazini kisiwa kizima, na kwa zaidi ya miaka 100 wakazi wake wengi wakawa wanaishi upande ule wa kisogo. Ni katika miaka ya 1950, mawe ya zamani yalipokuwa yameliwa na hali ya hewa, ndipo jengo lilipovishwa upya pande zote kwa jiwe la chokaa. Bado meya anafanyia kazi humo. Ndilo kongwe kuliko yote nchini Marekani linaloendelea na kazi ile ile lililojengewa.

Hili jengo lilizaa pia. Huko Portland, jimbo la Maine, jumba la jiji liliungua mwaka 1908, na ofisi ya Carrère na Hastings ya New York ikachora jipya kwa kufuata sura ya lile la kwao. Lilifunguliwa 1912. Nalitaja kwa sababu Portland leo ina jamii kubwa ya watu waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, na Kiswahili si lugha ngeni kwenye korido zake.

Sasa twende Philadelphia. Hapa nitakaa.

William Penn, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Pennsylvania, alipopima mji wake miaka ya 1680 aliacha uwanja katikati kabisa, zinapokutana barabara mbili kuu, ambazo leo zinaitwa Broad na Market. Mwaka 1871 jiji likaanza kujenga juu ya makutano yale yale. Halikujenga kando wala kuangalia uwanja. Lilikaa juu ya njia. Msanifu, John McArthur, alichukua mtindo uliokuwa unatamba Paris wakati huo, wa mapaa yenye mteremko mkali na nguzo zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa, akauongezea mnara. Nia ilikuwa liwe jengo refu kuliko yote duniani.

Ujenzi ulichukua miaka 30. McArthur alikufa 1890 kazi ikiendelea. Huku nyuma mnara wa kumbukumbu wa Washington ukakamilika, kisha mnara wa Eiffel mwaka 1889, na yote miwili ikalipita jengo ambalo lilikuwa halijaisha. Lilipokamilika 1901 lilibaki na sifa moja: kati ya majengo yanayokaliwa na watu, hakuna lililolifikia kwa urefu, mita 167. Sifa hiyo ilidumu mpaka 1908 tu, New York ikalipita.

Kwa nini sifa hiyo haikudumu? Hapa wanafunzi wa ujenzi naomba mnisikilize. Lile ni jengo la kuta. Uzito wa mnara unabebwa na matofali na mawe, na chuma kimeanza kule juu tu. Chini ya mnara kuta zina unene unaofika mita 6.7. Ukiegesha gari dogo ndani ya unene huo, halichomozi upande wowote. Wakati wakipandisha kuta hizo, Chicago ilikuwa inajifunza kubebesha jengo kwenye fremu ya chuma, ukuta ukabaki wa kuzuia upepo na mvua. Kwa hiyo Philadelphia ilishinda mashindano kwa mbinu ambayo ilikuwa imeshaachwa. Mpaka sasa hivi hakuna jengo la ofisi linalobebwa na kuta namna ile lililojengwa refu zaidi.

Uzito huo ndio uliokuja kuliokoa. Miaka ya 1950 watu walilichoka, masizi yamelijaa, mapambo yake yanaonekana ya kizamani, na likajadiliwa kuvunjwa. Walipopiga hesabu ya kuyashusha mawe yote yale, wakaona gharama haibebeki. Likaachwa.

Juu ya mnara amesimama Penn mwenyewe, wa shaba nyeusi, urefu wa mita 11, kofia kichwani. Mchongaji ni Alexander Milne Calder, ambaye yeye na mafundi wake walitengeneza sanamu zaidi ya 250 za jengo hilo. Calder alitaka Penn atazame kusini ili jua limwangaze usoni. Walipompandisha mwaka 1894 wakamgeuza kaskazini mashariki, kuelekea mahali panaposimuliwa kwamba Penn alifanya mkataba na Walenape, wenyeji wa nchi ile. Mchongaji akalalamika kwamba uso aliouhangaikia unakaa kivulini sehemu kubwa ya siku. Kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kulalamika, lakini waliomgeuza nao walijua wanachofanya.

Kwa miongo mingi hapakujengwa kitu kinachozidi kofia ya Penn. Haikuwa sheria, yalikuwa makubaliano ya mdomo tu. Mwaka 1987 jengo la One Liberty Place likayavunja, na tangu hapo timu za jiji zikawa hazichukui ubingwa, mashabiki wakasema mzee amekasirika. Mafundi waliomalizia jengo la Comcast mwaka 2007 wakafunga kisanamu kidogo cha Penn kwenye boriti ya juu kabisa. Mwaka uliofuata timu ya besiboli ikatwaa kombe. Mnacheka, lakini ni majumba mangapi ya serikali yanayosingiziwa matokeo ya mpira?

Ila lile ninalolipenda Philadelphia haliko juu. Liko chini. Kwa kuwa jengo limekaa juu ya makutano, McArthur alilazimika kutoboa milango mikubwa ya tao pande zote nne, na katikati kuna ua. Mtu anayetoka mashariki kwenda magharibi hana haja ya kuzunguka, anapita ndani ya serikali yake, na mkate wake mkononi, hana shida na mtu yeyote humo, anatokea upande wa pili. Jengo lote lile la majivuno, na bado linakatwa katikati na watu wanaowahi treni. Sidhani kama kuna msanifu ambaye angeyachora hayo kwa makusudi angeyapata vizuri hivyo.

San Francisco nitaipitia haraka, ingawa ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Jumba la zamani lilijengwa kwa zaidi ya miaka 25, fedha zikipotelea humo humo, na tetemeko la 1906 likaliangusha kwa muda mfupi mno. Picha za siku ile zinaonyesha mifupa ya chuma ya kuba imesimama peke yake, matofali yamemwagika chini yote. Watu waliangalia kile kifusi wakauliza maswali kuhusu makandarasi, na maswali yalikuwa ya haki. Jipya, la Arthur Brown, lilifunguliwa 1915, na kuba lake ni refu kuliko la Bunge kule Washington. Ukiingia unakutana na ngazi pana ya marumaru inayomwagika kuja miguuni pako. Juu ya ngazi hiyo ndiko waliko madiwani, kwa hiyo ramani inakuambia nani mkubwa. Lakini siku yoyote ya kazi utakuta ngazi hiyo imejaa maharusi wanapiga picha, na diwani anapita ukutani ukutani asiwaharibie.

Tetemeko la 1989 lilipolitikisa tena, wahandisi walilikata jengo kutoka kwenye msingi wake, nguzo baada ya nguzo, wakaingiza zaidi ya pedi 500 zilizotengenezwa kwa tabaka za raba na chuma, na kuzunguka jengo zima wakaacha nafasi ya wazi. Ardhi ikicheza, jengo linatelezea ndani ya nafasi hiyo. Lilifunguliwa tena 1999. Los Angeles nao walifanya vivyo hivyo kwa mnara wao wa 1928. Mnara huo una kisa chake: jiji lilikuwa na kikomo cha urefu, karibu mita 46, kwa kila mjenzi. Jumba la jiji likaruhusiwa mita 138. Serikali iliwawekea wengine dari, yenyewe ikatoka nje ya paa, na mpaka miaka ya 1960 hakuna aliyeifikia. Hapo swali langu la uso na kisogo linajijibu.

Boston sasa. Najua wengi mlikuja kwa ajili ya hili, maana nimeona picha zake kwenye simu zenu kabla sijaanza.

Mwaka 1962 jiji lilitangaza shindano la wazi. Walioshinda walikuwa Gerhard Kallmann na Michael McKinnell, walimu wa chuo kikuu cha Columbia, pamoja na Edward Knowles. McKinnell alikuwa bado kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Jengo lilikamilika 1968, la zege tupu na tofali nyekundu. Wazo lake kwenye karatasi ni safi kabisa. Chini, huduma za mwananchi, na tofali za uwanja zinaingia hadi ndani bila kukatika, ili usijue barabara imeishia wapi na serikali imeanzia wapi. Katikati, ofisi ya meya na ukumbi wa madiwani, vimechomoza nje ili vionekane. Juu, makarani, dirisha baada ya dirisha, yote sawasawa. Unasimama uwanjani unaisoma serikali kwa macho.

Wataalamu walilisifu sana. Watu wa Boston walilichukia, na wengi bado. Uwanja ni mkubwa mno na upepo wa baridi unaufagia. Ndani unapotea. Tena uwanja haukuwa tupu zamani. Palikuwa na Scollay Square, mtaa wa maduka, baa na kumbi za burudani, ambao jiji liliubomoa ili kupata nafasi. Ukiutoa umati halafu ukajenga uwanja wa umati, umati unarudi na nini?

Mwaka 1976, tarehe 5 Aprili, ulirudi na hasira. Vijana wa Kizungu waliandamana kupinga mpango wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe mashuleni. Walikuwa wanatoka jumba la jiji. Mwanasheria mweusi, Ted Landsmark, alikuwa anakuja kwenye kikao kuhusu makandarasi weusi kupata kazi za ujenzi. Wakamvamia pale uwanjani, wakamvunja pua, na mmoja akamwendea na mlingoti wenye bendera ya taifa. Mpiga picha Stanley Forman alikuwepo, na picha ile ilipata tuzo ya Pulitzer. Landsmark baadaye alifanya kazi ndani ya jumba lile lile, ofisi ya meya, kisha kwa miaka mingi akawa rais wa chuo cha usanifu majengo cha Boston, akifundisha watu kama nyinyi.

Meya Thomas Menino alipendekeza mwaka 2006 liuzwe. Halikuuzwa. Mwaka 2022 uwanja ulifunguliwa upya, ukiwa na miteremko ya viti vya magurudumu, miti na sehemu ya kuchezea watoto, na Januari 2025 jiji likalitangaza rasmi kuwa jengo la kihistoria.

Naona mkono pale. Ndiyo, dada. Unauliza kama kuna jumba ambalo mimi binafsi ningelivunja. Hapana, hata lile la Dallas ambalo sasa wanabishana walikarabati au walihame. Lilichorwa na I. M. Pei, likafunguliwa 1978, na ukuta wake wa mbele umeinamia nje kwa nyuzi 34, kila ghorofa pana kuliko ya chini yake. Watu husema linatisha, eti linataka kukuangukia. Lakini Dallas jua lake ni la kuchoma, na ule mwinamo unampa kivuli mtu aliyesimama mlangoni. Pei alihitaji nafasi kubwa juu kwa ofisi na ndogo chini kwa mwananchi, akapata vyote. Gharama za ukarabati ni suala jingine, na hilo mwulizeni mhandisi wa mabomba, si mimi. Haya, nani mwingine?