Dakika 13 za Mwezi wa Tano

(Mazungumzo kwa wanachama wa klabu ya mbio, Dar es Salaam, mwishoni mwa Aprili. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije kuzungumzia hamasa. Nikamwambia, kaka, mimi ni mhasibu, hamasa tafuteni mchungaji. Akacheka, akasema basi njoo na hesabu zako. Nimekuja nazo.

Nyoosheni mikono. Nani alikuwa Moshi mwaka huu kwenye Kilimanjaro Marathon? Mikono mingi, hongereni. Shusheni. Nani amekimbia walau mara mbili wiki hii? Sita. Na wawili kati ya hao sita nakaa nao mtaa mmoja, nawaona wanavyopita na gari. (Kicheko.)

Siwasimangi. Mwezi wa pili hakuna anayehitaji kuhamasishwa. Umeshalipia, namba ya kifuani umeshaipiga picha, ofisini wanakuuliza umejiandaaje. Ukifika kule unapandisha kuelekea Mweka, watoto wamesimama kwenye migomba wanakupungia, hata goti lililokuwa linauma linaona haya kuuma. Unarudi na medali, unaivaa mpaka kwenye basi. Halafu masika yanaingia. Bonde la Jangwani linajaa maji, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na wewe uliyezoea kufika nyumbani saa 1 usiku unafika saa 3. Sisi wa mahesabu tuna na la kwetu: mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo kuanzia mwezi wa nne kila karatasi iliyolala kabatini inaamka. Viatu vya mbio vinasogezwa nyuma ya mlango, kwa muda tu.

Mwaka 2019 vyangu vilikaa nyuma ya mlango hadi Septemba. Nilikuwa nimemaliza kilomita 21 za Moshi kwa saa 2 na dakika 19, nikajiambia napumzika wiki mbili. Septemba nikatoka na kasi ileile ya Moshi, maana kichwani bado nilikuwa mtu wa saa 2 na dakika 19. Mapafu yalilalamika siku chache yakazoea. Mifupa haikuzoea. Wiki ya tatu ugoko wa kulia uliniuma hata kukanyaga breki, na mwaka ukaisha hivyo. Pumzi hurudi upesi kuliko kano na mifupa, na mtu anayerudi kwa pupa anadanganywa na pumzi yake. Hilo sikulijua. Nililipia elimu hiyo kwa daktari wa mifupa.

Nilipokuwa nimekaa na barafu mguuni nilianza kusoma. Mhasibu akiumia anatafuta kumbukumbu. Nikakuta kazi ya mtafiti Mmarekani, Robert Hickson, aliyoifanya na wenzake Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, miaka ya 1980. Swali lao lilikuwa kama la kwetu: mtu akishajenga mwili, anahitaji kulipa kiasi gani ili usibomoke?

Walichukua watu wakawafanyisha mazoezi makali wiki 10, siku 6 kwa wiki, dakika 40 kila siku, baiskeli na kukimbia. Kisha wakapunguza kwa wiki 15. Jaribio la kwanza walipunguza siku: wengine wakabaki na siku 4, wengine 2. Jaribio la pili siku zikabaki 6, wakapunguza muda: dakika 26, au 13. Kumi na tatu! Hiyo ni foleni ya taa mbili tu za barabarani. Na uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni ulibaki palepale, kwa waliopunguziwa siku na kwa waliopunguziwa dakika.

Jaribio la tatu ndilo lililonifanya niweke barafu chini. Siku hazikuguswa, dakika hazikuguswa. Walipunguza ukali peke yake, kwa theluthi moja au theluthi mbili. Uwezo ukashuka.

Sasa tujiangalie sisi. Tukibanwa na kazi tunafanya nini? Tunapunguza ukali kwanza. Tunasema leo nimechoka, nitajikokota kilomita 8 pole pole, na hizo 8 zikikosa nafasi tunaacha zote. Hesabu inasema fanya kinyume chake. Kata siku, kata kilomita, kasi usiiguse. Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia: wale wa dakika 13 walipopimwa uvumilivu wa safari ndefu, walikuwa wamepungukiwa. Kwa hiyo dakika 13 za mwezi wa tano hazikupeleki Moshi. Ila mwezi wa saba ukifika hukuti gofu, unakuta nyumba yenye vumbi.

Mimi kuanzia sasa hadi Juni nakimbia mara 3. Jumanne na Alhamisi dakika 25: kumi za kupasha mwili, kisha dakika moja kali na moja pole, mara 6, halafu natembea kurudi. Jumapili dakika 50 hadi 60 pole kabisa, ile ya kupiga soga. Jumanne mvua ikiwa ya radi napanda ngazi za jengo la ofisi, ghorofa 9, wakati wenzangu wanakunywa chai. Mlinzi wa zamu alidhani nimefiwa.

Hapo nimemaliza upande wa mwili. Lakini mwenyekiti aliuliza hamasa, na Hickson hakuna mahali alipoandika nani atakuamsha saa 11 alfajiri.

Mliosoma shule za msingi enzi zetu mnakumbuka mchakamchaka. Asubuhi, umande, nusu yetu pekupeku, kiranja pembeni na fimbo ya mpera. Hakukuwa na medali wala fulana, na hakuna aliyetuuliza lengo letu la mwaka. Tulizunguka kiwanja tukatoka hadi barabarani tukarudi, kila siku ya Mungu. Mtasema ilikuwa fimbo. Fimbo ilikuwepo, sikatai, lakini fimbo ilikuwa moja na sisi tulikuwa mia tatu. Kilichotuvuta ni wimbo. Mmoja anaanzisha, mia tatu wanaitikia, na mwenye kiitikio mdomoni hana nafasi ya kujiuliza kama amechoka. Ukinyamaza, aliye kulia kwako anakusikia umenyamaza.

Tumekuwa watu wazima, tumeuacha wimbo tukanunua saa za mkononi. Saa inakusifia ukikimbia. Usipokimbia inakaa kimya, nawe unaivumilia.

Nina jirani yangu, muuguzi. Miaka minne iliyopita tulikubaliana: Jumanne na Alhamisi, saa 11 na dakika 40, kwenye kibaraza cha duka la dawa. Kwa sisi wanawake hilo lilikuwa suala la usalama kwanza. Giza la saa hiyo mnalijua, bodaboda zisizo na taa, mbwa, na watu wenye maneno yao. Lakini nikagundua jambo. Mimi asubuhi za Mei siamki kwa kupenda mbio. Godoro nalipenda zaidi. Naamka kwa sababu kuna mtu amesimama gizani, ametoka zamu ya usiku, ananingoja. Nikimwacha pale nitamtazamaje usoni?

Baadaye tukawa watano, na kina mama wakitimia watano hapa mjini mnajua kinachozaliwa. Kikoba. (Kicheko.) Tukaanzisha kikoba cha mbio. Hisa ni mbio mbili kwa wiki. Asiyekuja bila taarifa ya jana yake analipa faini shilingi 1,000. Anayeumwa au aliyefiwa halipi, lakini kazi nyingi si udhuru, maana sote tuna kazi nyingi. Daftari analishika jirani, hana huruma. Fedha ya faini inanunua supu mwisho wa mwezi, na anayelipa sana anakula kama wengine, hatumtengi. Mwezi wa tano mwaka jana tulikunywa supu nzuri kweli, kwa hiyo msidhani ni malaika.

Kikoba kinafanya kazi kwa sababu hisa ni ndogo. Mngeniwekea hisa ya kilomita 40 kwa wiki, ningejitoa.

Kuna wanaosema dawa ni kujiandikisha mbio nyingine haraka. Ukiweza kumudu, sawa. Ila mtu anayekimbia kwa sababu ya fulana tu, fulana zikiisha tunampoteza.

Kila semina ya kutiana moyo lazima atajwe mkimbiaji wetu wa marathoni, mzee John Stephen Akhwari, nami simwachi, ila namtaja kwa mengine. Olimpiki ya Mexico City, 1968, mnaijua: goti limefungwa bendeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Picha ile imezunguka dunia. Wachache wanaijua Edinburgh, Julai 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akhwari alikuwa wa 5 kwenye marathoni, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Kati ya Mexico na Edinburgh kuna miezi 21. Huko Mbulu hakukuwa na kamera. Siku moja katika hiyo miezi goti lilipona kiasi cha yeye kutoka tena, na ile mbio ya kwanza ya kurudi hakuna aliyeipiga picha. Mimi hiyo ndiyo ninayotamani kuiona kuliko ile ya uwanjani.

Tusijipe ukubwa lakini. Alphonce Simbu, bingwa wetu wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025, asipokuwa na mbio, kazi yake bado ni kukimbia. Mimi nisipokuwa na mbio nina mkaguzi wa hesabu mlangoni.

Mambo madogo nimalizie. Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, vijaze magazeti, badilisha magazeti usiku. Usivianike juani, gundi inaachia. Mafuta ya mgando pakaa kabla ya kutoka mvuani, si baada ya kuchubuka. Na msisahau kwamba Juni inakuja na kipupwe. Hali ya hewa nzuri kuliko zote za kukimbilia Dar inafika wakati wengi wetu tumeshajikatia tamaa na jasho la Machi.

Maswali? Ndiyo, dada wa nyuma. Anauliza mvua ikinyesha saa hiyohiyo ya kuonana inakuwaje.

Jirani anangoja dakika 5 kibarazani. Ya sita anaanza kutembea kuelekea barabarani, mvua isimame isisimame, na jina lako ameshaliandika.