Ungekichagua Tena, au Ndiyo Kwanza Ungechagua?

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu mlioko hapa, wahitimu wenzangu wa vyuo mbalimbali, na ninyi vijana mlioketi nyuma mkisubiri matokeo ya udahili, nawashukuru kwa kunialika.

Swali nililopewa ni fupi: kama leo ungeanza upya, ungekichagua tena chuo chako cha zamani? Nilipoulizwa kwa simu nilijibu papo hapo kwamba ningekichagua, na nadhani wengi wenu mngejibu hivyo hivyo, kwa sababu mtu akiulizwa habari za chuo chake husikia kama ameulizwa habari za kwao, na kuna haya fulani inayomzuia kukisema vibaya mbele ya wageni. Simu ilipokatika ndipo neno moja la swali lile lilipoanza kunisumbua, nalo ni neno "tena". Anayechagua tena ni yule aliyechagua mara ya kwanza. Sasa mimi na wewe, ndugu mhitimu, ni lini tulichagua?

Tuanze na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa historia yake ndiyo historia ya elimu ya juu nchini mwetu. Kabla ya 1961, Mtanganyika aliyetaka shahada alikwenda Makerere, kama alivyokwenda Benjamin Mkapa, au alivuka bahari. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani kilipo hadi leo, na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Tangu hapo hadi mwaka 1984, kitivo chake cha kilimo kule Morogoro kilipogeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Mwulize basi mhitimu wa 1978 kama angekichagua tena, halafu nenda Kasanga ukamwulize abiria wa miaka hiyo kama angeichagua tena Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika.

Zaidi ya hayo, baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana hakutoka kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apendekezwe na mwajiri wake na chama, ndipo jina lake lifikiriwe. Aliyechagua, kwa hiyo, alikuwa taifa. Na hata hivyo wazee wa kizazi hicho ndio wanaotamka "ningerudi" kwa sauti kubwa kuliko wote, jambo ambalo kwa muda mrefu lilinishangaza, mpaka nilipoanza kuwasikiliza vizuri na kugundua kwamba wanapolisifu darasa huwa wanasifu vitu viwili vilivyokuwa nje ya darasa. Cha kwanza ni ajira: serikali ilimsomesha mtu, ikamlisha, kisha ikampangia kazi. Cha pili ni joto la fikra la miaka ile, wakati Walter Rodney akifundisha historia pale, Yoweri Museveni akiwa mwanafunzi kati ya 1967 na 1970, na kila mwana wa harakati za ukombozi kusini mwa Afrika akipita Dar es Salaam kana kwamba ni nyumbani kwa shangazi. Mzee anayesema angerudi Mlimani, mara nyingi anataka kurudi 1969, na huko hakuna basi linalokwenda.

Nisieleweke kwamba zama zile zilikuwa asali tupu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pamoja na mambo mengine yaliwakata sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi wao, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, akarudi na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa baadaye. Ukitaka mjadala usioisha, waweke mezani wahitimu wawili wa miaka hiyo, mmoja aliyefukuzwa na mmoja aliyebaki, kisha uwaongezee kahawa.

Lipo jambo ambalo mikutano ya wahitimu hulipita haraka, nami naomba nisilipite. Mlimani palikuwa na desturi iliyoitwa Punch. Watu wasiojulikana walibandika ukutani michoro na maneno ya kumdhalilisha mwanafunzi fulani, na mara nyingi aliyelengwa alikuwa mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kumkataa mtu, au kufaulu kupita alivyotarajiwa. Wako wanaume waliohitimu miaka ile ambao bado wanaisimulia Punch kama utani wa vijana, wakicheka. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusakamwa kwa namna hiyo, na Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilikuwa miongoni mwa waliolipigia kelele jambo hilo hadi nchi ikasikia. Mahali ni palepale, miaka ni ileile, ukumbi wa Nkrumah ni uleule. Lakini mwanamume aliyekuwa akipita kusoma ukuta asubuhi na mwanamke aliyekuwa akipita akiomba asilione jina lake pale, hawawezi kupewa swali moja tukategemea jibu moja.

Hapo ndipo ninapokuwa na mashaka na kura zote za wahitimu. Ukumbi kama huu tayari umechujwa. Waliodisko mwaka wa kwanza, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, hawamo. Aliyeacha chuo kwa kukosa ada hakupata kadi ya mwaliko. Tunaowauliza kama wangerudi ni wale ambao safari iliwafikisha, na aliyefika hana ugomvi mkubwa na barabara.

Wenzetu wa Marekani walijaribu kulipima swali hili kwa idadi kubwa ya watu. Mwaka 2017 shirika la Gallup pamoja na taasisi ya Strada walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kiasi cha asilimia 51 ya waliosoma baada ya sekondari wangebadili angalau kitu kimoja kati ya vitatu, yaani kozi, chuo au kiwango cha shahada. Kilichonivutia ni mpangilio wa majuto hayo: waliotamani kozi nyingine walikuwa asilimia 36, waliotamani chuo kingine asilimia 28. Sisemi takwimu za Marekani ni za kwetu. Nasema tu kwamba hata kule, mahali ambapo mtu anaweza kutembelea vyuo vitano kabla ya kuamua, majuto makubwa hayako getini; yako kwenye kile ulichoingia kusoma.

Na kwetu sisi kozi iliamuliwa lini? Iliamuliwa mtoto alipomaliza kidato cha nne, alipopangiwa tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Aliyepelekwa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, hawezi kuamka akiwa na miaka 20 akasema sasa nataka udaktari. Kisha ukaja mfumo wa udahili wa pamoja, ulioanza mwaka 2010 chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ambapo mwombaji aliorodhesha machaguo yake na kompyuta ikampangia. Ukadumu hadi mwaka 2017, waombaji waliporudishwa kuomba vyuoni moja kwa moja. Jirani zetu wa Kenya wanaujua vizuri mchezo huo kupitia bodi yao ya udahili wa pamoja na baadaye KUCCPS, chombo kilichoirithi. Kule, wanafunzi wa Module II waliojilipia wenyewe walidharauliwa na wenzao waliofadhiliwa na serikali, lakini kwa kipimo cha swali letu la leo, wao angalau walikuwa wameteua na kulipa, kwa hiyo wana haki zaidi ya kusema "tena".

Fedha, basi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato ya mhitimu mwajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Chukua kijana mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000: kabla hajanunua kilo ya sembe, shilingi 120,000 zimeshakwenda, kila mwezi, na karatasi ya mshahara inamkumbusha chuo chake vizuri kuliko picha ya mahafali. Wengi walikopa wakiwa wameahidiwa kiwango kile cha chini. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni likue hata mtu analipa, ilifutwa mwaka 2021 kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan, na nafuu ilionekana. Lakini angalieni tofauti ya vizazi: mzee wa 1975 anakikumbuka chuo kama mahali palipompa kazi, kijana wa 2015 anakikumbuka kama mahali palipompa deni na bahasha ya barua za maombi. Waalimu huenda walikuwa hodari sawasawa. Vimbweta tulivyokalia usiku tukigawana madesa, yaani nakala za notsi, chini ya taa moja yenye wadudu ni vilevile vya saruji. Kinachotofautisha majibu ni kile kilichomsubiri mtu nje ya geti.

Sasa nina deni la kusema habari zangu mwenyewe. Chuo nilichosoma sitakitaja, maana sikuja hapa kushtaki. Nilihitimu mwaka 2003. Nilipata wito wa usaili katika mradi wa maji, wakataka transkripti, nami sikuwa nayo. Nilisafiri mara sita kwa basi la alfajiri kwenda kuifuata. Palikuwa na dirisha dogo la mbao lenye wavu, na ndani yake mama mmoja mwenye leja kubwa ya jalada jekundu, ambaye kila mara alipitisha kidole chake taratibu kwenye orodha, akafika kwenye jina langu, akatikisa kichwa na kusema, "Mwanangu, alama za somo moja hazijaletwa. Njoo Jumatatu." Hakuwa mkorofi hata kidogo, safari ya nne alinipa muhogo wa kuchoma. Karatasi ilitoka mwezi wa kumi na moja, na kazi ilikuwa imeshapata mwenyewe. Pamoja na hayo, nilipoulizwa kwa simu kama ningerudi, nilijibu ndiyo bila kusita. Hebu pimeni wenyewe jibu hilo lina uzito gani.

Mwaka jana binti yangu, aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na kutaka shahada ya famasia, alikaa nami sebuleni akiwa na simu yake, amefungua mwongozo wa TCU, anajaza maombi. Akaniuliza, "Baba, wewe ungerudi chuo chako?" Nikamwambia ningerudi. Akasema, "Haya, basi niandike hapo namba moja?" Nikanyamaza. Nilinyamaza muda wa kutosha hata akainua macho kwenye simu.

Ndugu zangu, ukimya ule ndio mhadhara wangu. Nikijiuliza kwa ajili yangu, najibu kwa kumbukumbu: marafiki niliowapata, mwalimu mmoja aliyenifundisha kuandika, nyimbo za usiku wa mwisho. Nikiulizwa kwa ajili ya mtoto, nakuwa mnunuzi. Nilianza kuuliza ambayo mimi sikuulizwa wala sikuuliza: kozi hiyo inatambuliwa na Baraza la Famasi? Maabara ina vifaa, au wanafunzi 20 wanazunguka darubini moja? Wahadhiri ni waajiriwa wa hapo, au wanakuja na kuondoka? Bweni lipo, au atapanga chumba mtaani na kurudi kwa miguu saa 3 usiku? Matokeo yanatoka lini? Hilo la mwisho nililiuliza kwa hasira kidogo, nakiri.

Tukaenda kukiona. Nilimpeleka kwanza kwenye vimbweta, akapiga picha kwa adabu tu, kama mtu anayeonyeshwa kaburi la babu asiyemjua. Kisha nikamtafutia lile dirisha. Limezibwa kwa matofali na kupakwa rangi ya ukuta, ila kizingiti chake bado kimejitokeza, na chini yake pamebandikwa tangazo kwamba maombi ya transkripti hufanywa kwa mtandao. Kijana wa mapokezi alituambia huchukua siku chache. Nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu, mambo mawili ambayo sikutegemea kuyapata kwa wakati mmoja mbele ya ukuta.

Binti yangu alikiweka namba mbili. Namba moja alikiweka chuo ambacho sijawahi kukanyaga, kwa sababu za maabara alizonieleza na ambazo sikuweza kuzipinga, na huko ndiko alikopata nafasi. Ada ya muhula wa kwanza nimeshalipa. Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda wa maswali umefika, nami ningependa swali la kwanza litoke kwa mtu aliyedisko, kama yumo humu ndani na hataona haya kusimama.