Walisema Jua, Ikanyesha: Kupima Utabiri wa Runinga Kabla ya Kuulalamikia

AKINYI: Hamjambo popote mnapotusikilizia. Leo tunashika malalamiko ya watazamaji kuhusu utabiri wa hali ya hewa kwenye runinga. Hapa Nairobi lalamiko kubwa ni moja: walisema jua, ikanyesha.

BARAKA: Na pacha wake: walisema mvua, mwavuli ukabebwa bure. Watazamaji wana haki ya kulalamika, Akinyi. Shida ni kwamba malalamiko mengi hayana mahali, hayana saa, hayana kiasi. Mhariri akiandikiwa "utabiri wenu ni uongo," hana cha kurekebisha. Na mara nyingi utabiri hauharibikii Dagoretti Corner, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Unaharibikia studio, pale unapobanwa uingie kwenye dakika moja ya mwisho wa taarifa ya habari.

AKINYI: Unabanwaje?

BARAKA: Taarifa ya idara hugawa siku kwa vipindi: usiku, asubuhi, alasiri. Halafu husema mvua itashika eneo kiasi gani. "Maeneo machache" ni chini ya theluthi moja ya eneo. "Maeneo kadhaa" ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili. "Maeneo mengi" ni zaidi ya hapo. Sasa idara ikiandika mvua ya radi maeneo machache alasiri, runinga inaweka wingu moja lenye matone juu ya neno Nairobi, na nambari mbili za joto. Saa imepotea, upana umepotea. Mtu wa Embakasi akishinda mkavu anaona amedanganywa, kumbe utabiri ulisema sehemu kubwa ya jiji haitalowa.

AKINYI: Na Nairobi yenyewe si mahali pamoja kwa mvua. Upande wa magharibi, Karen, Dagoretti kuelekea Ngong na Limuru, uko juu na hupata mvua zaidi. Upande wa mashariki unashuka kuelekea tambarare za Athi na ni mkavu zaidi. Kutoka kituo cha vipimo cha Dagoretti Corner hadi kile cha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ardhi imeshuka zaidi ya mita 150. Alama moja haiwezi kubeba hayo yote.

BARAKA: Haiwezi. Na hata kabla ya studio kuna kikomo cha mahesabu. Modeli, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima, hugawa anga kwa vyumba. Modeli kuu ya Ulaya imekuwa na chumba cha takriban kilomita 9 kila upande, ile ya Marekani takriban kilomita 13. Wingu la radi la Aprili laweza kuwa na upana wa kilomita tano tu. Modeli hailioni wingu lenyewe. Inakadiria kwamba ndani ya chumba kile kuna joto na unyevu wa kutosha, kisha inatandaza mvua nyepesi chumba kizima. Kwa hiyo hesabu inatoa milimita 4 kila mahali, na huku chini Kawangware imepata 25, Lavington hakuna kitu.

AKINYI: Ndiyo maana programu za simu hukosea vilevile, hata zikionyesha mvua saa kwa saa. Nyingi huchukua namba za modeli moja kwa moja bila mtabiri kuzipitia. Hiyo saa kwa saa isikudanganye, usahihi wake ni wa kuonekana tu.

BARAKA: Kuna na suala la saa ya kuanza. Modeli hizi huanzia vipimo vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu. Huanza tena saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Kisha kompyuta inahitaji saa kadhaa kumaliza. Taarifa ya saa moja jioni haiwezi kuwa na hesabu kamili ya saa tisa alasiri ile ile. Inabeba ya usiku uliopita, au ya asubuhi. Kama mchana mawingu yamejijenga tofauti na ilivyotarajiwa, runinga bado inasoma picha ya zamani. Kituo kingeandika tu pembeni ya skrini, "utabiri umetolewa saa fulani," mtazamaji angejua ana nini mkononi. Kuandika hivyo hakugharimu chochote.

AKINYI: Nitaje chanzo kingine cha ugomvi: tarehe. Msimu wa masika mvua ya Nairobi hupenda jioni na usiku. Runinga inasema Jumanne usiku mvua. Inanyesha saa nane usiku, na mtazamaji anaihesabu ni ya Jumatano. Anaandika kwamba Jumanne walikosea. Hapo hakuna aliyekosea. Vituo vya vipimo navyo husoma kipimamvua saa tatu asubuhi, kwa hiyo maji ya usiku ule ni ya saa 24 zilizoishia asubuhi hiyo.

BARAKA: Basi tuseme mtu anataka kupima kituo chake cha runinga kwa haki. Afanyeje?

AKINYI: Aanze na chombo. Chupa ya plastiki ya lita mbili yenye pande zilizonyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli ndani ya chupa, maji yasivukizwe na jua. Pima kipenyo cha mdomo mpana wa juu wa faneli hiyo. Kama ni sentimita 10, eneo lake ni sentimita za mraba 78.5, maana yake kila milimita moja ya mvua ni karibu mililita 8 za maji. Usipime kwa rula, kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde. Mimina kwenye sirinji kubwa, soma mililita, gawa kwa 8.

BARAKA: Na isiwekwe chini ya paa.

AKINYI: Wala karibu na ukuta. Ukuta ukipanda mita 2 juu ya mdomo wa chupa, kaa umbali wa mita 4 angalau, na zaidi ya hapo ni bora. Uwanja wa ploti nyingi hauruhusu, basi tumia paa tambarare la ghorofa, ila ujue upepo wa juu hupunguza maji yanayoingia. Soma kila siku saa tatu asubuhi, mwaga, rudisha. Milimita 1 au zaidi, andika "imenyesha."

BARAKA: Na utabiri uandikwe usiku huo huo, kabla ya matokeo. Kumbukumbu ya mtu hushika siku alizolowa na kusahau zile utabiri ulipofaulu. Pima Aprili au Novemba. Julai haifai. Julai Nairobi ni mawingu ya asubuhi, baridi na manyunyu mepesi. Anayesema kila siku "hakuna mvua ya maana" atapata alama za juu bila kujua lolote. Kituo kikijisifu kwa usahihi wa miezi mikavu, msikubali.

AKINYI: Wakitoa asilimia ya uwezekano wa mvua je?

BARAKA: Hapo kuna kanuni ya mwaka 1950 ya mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier, ya kuupa utabiri alama, ndogo ikiwa bora, na inahesabika kwa kalamu. Geuza asilimia iwe desimali. Ikinyesha, matokeo ni 1, isiponyesha ni 0. Tafuta tofauti ya desimali na matokeo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Walisema 70 na ikanyesha: 0.3 mara 0.3, yaani 0.09. Walisema 70 na haikunyesha: 0.49. Chukua wastani wa mwezi. Anayesema 50 kila siku hupata 0.25 daima, kwa hiyo kituo kinachozidi 0.25 hakisaidii kitu. Na siku moja ya asilimia 70 isiyo na mvua si kosa. Kwa siku kumi za namna hiyo, tatu zinatarajiwa kuwa kavu.

AKINYI: Lakini vituo vyetu vingi havitoi asilimia. Naona hilo ndilo dai la kwanza la kupeleka. Anayeanika mahindi na anayemwaga slabu hawaamui kwa kiwango kimoja. Wa slabu huenda akaahirisha hata kwa asilimia 30, kwa kuwa simenti ikioshwa hasara ni kubwa.

BARAKA: Kweli kabisa. Andika kwa kituo: tarehe na saa ya taarifa, maneno yaliyosemwa, alama iliyoonyeshwa, mtaa wako, saa mvua ilipoanza, milimita. Weka na maneno ya idara ya siku hiyo. Yakitofautiana na ya runinga, kosa ni la studio na mhariri analiona hapo hapo. Yakifanana, peleka vipimo vyako Dagoretti Corner.

AKINYI: Na ikiwa ni tahadhari ya mvua kubwa, zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, usingoje kupima. Watu wa kando ya Mto Mathare na Mto Ngong wasome tahadhari yenyewe, waangalie kaunti zilizotajwa na saa ya kuanza, wasitegemee wingu la kwenye skrini.