Rangi ipi inadumu kwenye injini na breki za gari la zamani

Habari zenu jamani, sogeeni karibu kidogo maana pati nimeziweka hapa mezani, nataka muzione na muzishike.

Watu wanaofufua magari ya zamani swali lao kwangu ni moja tu, fundi, hii niipake nini? Na mimi namuuliza kwanza, hiyo pati inateswa na nini? Maana hii kalipa, kile kibano kinachobana pedi za breki, na hii manifodi ya ekzosi, inayokusanya moshi kutoka kwenye injini, zote ni chuma cha kasti, zote zina kutu ileile, lakini dawa yake haifanani hata kidogo.

Tuanze na kalipa. Wengi wanadhani adui yake ni maji na tope, kumbe ni mafuta ya breki yenyewe. DOT 3 na DOT 4 zina glaikoli, na glaikoli inakula rangi ya kawaida, yaani tone moja likidondoka wakati unatoa upepo kwenye breki na usilioshe na maji hapohapo, baadaye unapitisha kitambaa rangi inakuja nacho. Mimi kalipa zangu za kwanza nilizipiga rangi ya kopo zikapendeza sana, siku ya kutoa upepo zikachubuka mbele ya macho yangu, nikafungua nikaanza upya, iliniuma kwa kweli. DOT 5 ni ya silikoni, hiyo haili rangi, lakini usiimwage humo kwa ajili ya kuokoa rangi tu, haichanganyiki na hizo nyingine. Na DOT 5.1 isikuchanganye kwa jina, hiyo ni glaikoli.

Kwa kalipa mimi napendelea zinki. Kalipa nyingi za zamani zilitoka kiwandani zimepakwa zinki au kadimiamu, madini mengine ya kuzuia kutu, na zinki ina tabia moja naipenda sana, ikikwaruzika chuma kikabaki wazi, zinki ya jirani ndiyo inayoliwa kwanza na chuma kinapona. Ule unjano wa dhahabu mnaouona sio zinki, ni kromati, tabaka jembamba la kemikali lililo juu yake, na kromati ile ya zamani ikizidi nyuzi 60 au 70 hivi inakauka na kupasukapasuka, kwa hiyo kalipa ikishapata moto wa mteremko usishangae unjano ukififia, zinki chini bado ipo kazini. Kabla ya kupeleka kwa mpaka zinki toa pistoni na mipira yote, ziba matundu ya silinda vizuri, asidi isiingie humo.

Sasa paudakoti, ile rangi ya unga inayookwa, hapa naomba tusikilizane. Ni nzuri kwa braketi, kava za valvu, trei ya betri, sina ugomvi nayo. Inaokwa kwenye nyuzi 180 mpaka 200 na inakaa nene, maikroni 60 mpaka 100, na unene huo ndio balaa kwenye sehemu mbili zinazobanana kwa bolti. Unakaza vizuri kwa spana ya kupima mkazo, halafu ile plastiki katikati inapata joto inalegea inajisogeza pembeni, bolti inabaki bila mkazo na wewe huna habari. Pale ringi inapokaa kwenye habu, pale kalipa inapofungwa, uso wa kuunganisha uwe chuma kitupu au zinki nyembamba, usiniambie fundi fulani alipaka na hakuna kilichotokea, mimi nati zilizolegea kwa sababu hiyo nimezifungua kwa mkono wangu. Diski na dramu pia, pale pedi na viatu vya breki vinaposugua hapapakwi kitu.

Manifodi haina maneno mengi. Rangi ya injini ya kawaida itaungua, tafuta ya silikoni inayohimili nyuzi 600 na zaidi, na isipikwe vibaya, fuata hatua za joto zilizoandikwa kwenye kopo lake, usipoipika inabaki laini. Jaguar E-Type zilikuja na manifodi za enameli ya kioo, nzuri ajabu, ila kuirudia ni kazi ya tanuri.

Bolti hizi ndogo ndio zinanitia hofu zaidi. Bolti ngumu, yaani zenye namba ya uimara 10.9 na 12.9 kichwani, au za Kimarekani zenye mistari 6 kichwani, na springi pia, ukiziweka kwenye asidi na umeme wa kupaka zinki, hidrojeni inaingia ndani ya chuma, bolti inaonekana mpya kabisa halafu inakatika yenyewe ikiwa imekazwa, hata siku kadhaa baadaye. Mpakaji aziweke tanurini mara tu baada ya kupaka, nyuzi 190 na kuendelea kwa masaa kadhaa, na kama hajui unachosema chukua bolti zako uondoke. Za breki na stiaringi mimi nanunua mpya.

Na ukisafisha kwa kupuliza shanga ndogo za kioo kwenye bloku ya injini au sampu, lile bakuli la oili chini yake, osha kila tundu la oili mara mbili tatu, chembe moja ikibaki inamaliza beringi.

La mwisho mlishike, pati ya zamani yenye mng'ao wa kijivu laini inaweza kuwa kadimiamu, usiisugue msasa mkavu wala usiiwashie tochi ya gesi, moshi wake unaua mapafu. Dramu za zamani nazo usizipulize upepo, vumbi lile linaweza kuwa asbesto, lilowanishe kwanza ufute na kitambaa ukitupe. Haya, nani ameleta pati yake tuiangalie?