Glavu zisizo na vidole kwa mabaki ya uzi

Karibuni tena, ndugu zangu. Huku Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni ikishaingia mikono inakufa ganzi asubuhi nzima. Dereva wa bodaboda, mama anayehesabu chenji sokoni, mchuma chai: wote wanahitaji vidole viwe huru. Kwa hiyo leo tunafunika kiganja na kifundo cha mkono, vidole vinabaki nje.

Haya mabaki mezani ni ya masweta ya shule: bluu, kijani, damu ya mzee. Jozi moja ya mtu mzima inakula kama gramu 50 za uzi wa unene huu wa kawaida wa sweta. Sindano zangu ni mbili za kunyooka, namba 8, yaani milimita 4. Najua wengi tulijifunza kwa spoku za baiskeli. Zinafuma vizuri kabisa, ila ni nyembamba, kwa hiyo hesabu ya vitanzi itabidi uiongeze.

Usishike sindano kabla hujagawa uzi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: mkono wa kwanza unapendeza, wa pili unakosa rangi katikati. Kila rangi ipime kwenye mzani wa jikoni, kisha igawe nusu kwa nusu. Huna mzani? Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti huku ukihesabu mizunguko, halafu kata kwenye nusu ya hesabu. Weka mafungu mawili, moja kwa kila mkono.

Angalia pia uzi wenyewe. Ukiwa mwembamba kuliko wenzake, shika nyuzi zake mbili uzifume kwa pamoja. Ukiwa na shaka ni uzi gani, choma ncha kidogo: sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, akriliki inayeyuka na kuwa punje ngumu. Usizichanganye kwenye glavu moja, kwa sababu sufu ikikutana na maji ya moto inajikunja na akriliki inabaki vilevile.

Sasa tuanze. Weka vitanzi 42 kwenye sindano, usivikaze. Fuma viwili vya mbele (uzi ukiwa nyuma ya kazi), viwili vya nyuma (uzi ukiwa mbele ya kazi), hivyo hivyo hadi mwisho, umalizie na viwili vya mbele. Ukigeuza, anza na viwili vya nyuma, kisha viwili vya mbele. Tazama hapa: mistari inasimama na ukingo unavutika kama mpira. Endelea hadi sentimita 6. Sehemu hii mimi naifuma kwa rangi moja tu, maana ukibadilisha rangi hapa, vitone vya rangi ya zamani vinachungulia kwenye vitanzi vya nyuma.

Baada ya hapo ni rahisi. Mstari wa kwenda vyote vya mbele, wa kurudi vyote vya nyuma, kwa sentimita 10. Hapa ndipo rangi zinapocheza. Badilisha kila baada ya mistari miwili, minne au sita, daima mwanzoni mwa mstari wa mbele, na uache mkia wa sentimita 15 pembeni.

Utajuaje kama uzi uliobaki unatosha mstari mmoja? Ulaze juu ya kazi yako. Ukifika mara nne ya upana, fuma. Ukipungua, badilisha rangi sasa hivi, usije ukafunga fundo katikati ya kiganja. Fundo hilo utalisikia kila ukishika usukani.

Malizia na sentimita 3 za ule ukingo wa mbili mbili, kisha funga vitanzi kwa mkono mwepesi. Ukikaza, glavu itabana vidole na damu haitapita vizuri. Andika idadi ya mistari kwenye karatasi, halafu fuma ya pili kwa hesabu ile ile. Hakuna ya kulia wala ya kushoto, zote ni sawa.

Kushona sasa. Kunja kipande, upande mzuri uwe nje, kingo zikutane. Kwa sindano butu, shona kutoka kifundoni sentimita 10, acha wazi sentimita 5 za dole gumba, kisha shona zilizobaki juu. Lakini kabla ya kukata uzi, ivae. Kunja ngumi, fungua, shika simu. Tundu likivuta, fumua kidogo na ulishushe. Mikono haifanani, na mkanda wa kupimia haujui dole gumba lako liko wapi.

Ile mikia ya pembeni ipitishe ndani ya mshono, sentimita 5 kwenda na kidogo kurudi, ndipo ukate. Fua kwa maji vuguvugu, kamua ndani ya taulo, laza kivulini. Usiitundike kwenye kamba, maji yataivuta iwe ndefu kama soksi.